Mlango wa Milimita 64
Maneno niliyowaambia mafundi seremala na wanafunzi wa ufundi, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliobanwa kule nyuma karibu na mashine ya randa, poleni na joto. Nitajitahidi nimalize kabla chai haijapoa.

Mwalimu aliponipigia simu alisema, "Njoo uwaeleze wanafunzi kazi unayoifanya Uingereza." Nikamwambia kazi yangu huko ni makabati ya jikoni, na makabati ya jikoni mnayatengeneza hapa kila wiki, tena kwa mbao nzuri kuliko zile za unga wa mbao ninazopewa mimi. Akacheka. "Si hiyo. Nataka ile ya treni." Basi lawama zote zipelekwe kwake.

Nilicholeta ni mlango. Huu hapa mkononi. Mlio nyuma hamuuoni, na msidhani ni macho. Una mbawa mbili. Kila ubawa urefu wake ni milimita 64 na upana milimita 24. Ukiusimamisha kando ya kiberiti, unakipita kidogo tu. Unafunguka na kufungwa wenyewe, na kuufikisha hapo kumenigharimu muda mrefu kuliko mlango wowote niliowahi kumtengenezea mtu aliyenilipa.

Kwanza niwaeleze jambo ambalo nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Uingereza kuna watu wazima, wastaafu, madaktari, madereva wa mabasi, wanaokutana kila wiki kwenye kumbi za kupangisha kujenga reli ndogo. Na si za watoto kuchezea. Wanajenga kituo kizima, mnara wa maji, makaa, nyasi, mpaka ubao wa matangazo wenye maandishi usiyoweza kuyasoma bila kioo cha kukuzia. Jirani yangu alinipeleka jioni moja ya baridi kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu anayejua mbao. Nilikwenda kuwasaidia meza. Sijatoka hadi leo.

Kipimo chao kinaitwa 1 kwa 76. Kitu cha kweli kikiwa na urefu wa mita 76, kwenye meza kinakuwa mita moja. Lakini Mwingereza hataki mambo yawe rahisi hivyo, kwa hiyo anasema futi moja ni milimita 4. Futi upande huu, milimita upande ule, katika sentensi moja. Nilipinga mwanzoni. Sasa nasema vivyo hivyo mwenyewe, tena bila haya. Kizuri ni kwamba hesabu inakwenda haraka kichwani: uwazi wa mlango wa futi 12 ni milimita 48, kimo cha futi 16 ni milimita 64. Ndiyo vipimo vya huu nilioushika.

Kuna kituko kingine nikitaje mara moja niachane nacho. Reli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, sawa na hii yetu mpya ya SGR. Ukigawanya kwa 76 unapata karibu milimita 19. Lakini reli wanazouziwa madukani zina milimita 16.5. Treni ni ya kipimo kimoja, njia yake ni ya kingine, na wamekaa nalo hilo kwa miongo. Ukitaka kuvunja mkutano wa klabu, litaje.

Sasa banda. Tunajenga kituo kidogo cha mwisho wa njia, cha mtindo wa Great Western Railway, kampuni iliyokuwepo mpaka mwisho wa mwaka 1947, kabla serikali haijazichukua reli zote tarehe 1 Januari 1948. Kwenye vituo kama hivyo kulikuwa na banda la mawe, njia moja ya reli ikiingia ndani, ambamo kichwa kimoja cha treni kililala usiku. Wazungu wa klabu walinikabidhi banda hilo. Kuta niliwakatia kwa siku mbili. Paa, wiki moja. Kisha mwenyekiti akauliza, kwa upole wao ule unaokuingiza kwenye shimo huku unatabasamu, kama milango ingeweza kufunguka.

Mtauliza, banda la treni linataka mlango wa nini? Nami niliuliza. Mabanda ya vichwa vya treni niliyoyaona nikiwa mtoto yalikuwa nguzo, paa la mabati na upepo. Ukifunga joto lile ndani pamoja na moshi, fundi atatoka amebebwa. Lakini kule adui si joto. Maji yakiganda ndani ya bomba yanatanuka, na bomba linapasuka. Kichwa cha mvuke ni maji mwili mzima: tangi, pampu, vibomba vyembamba vya shaba kila mahali. Waliwasha hata majiko ya makaa nje, chini ya mabomba marefu ya kujazia matangi, yasigande. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963 yalikuwa makali hivi kwamba wazee wa klabu bado wanayahesabia miaka, kama sisi tunavyohesabu mvua ya El Nino ya 1997. Miaka mitano baadaye, Agosti 1968, treni za mvuke zikaondolewa kabisa kwenye huduma ya kawaida ya reli ya taifa. Ndiyo maana milango ile wanaipenda: wameikumbuka ikiwa imefungwa, na mwanga wa taa ukipenya chini.

Basi nikaanza kazi, nikiwa na kiburi cha fundi wa miaka 30. Mlango ni mlango, nilisema. Nitatia bawaba.

Mara ya kwanza nilitumia kipande cha kitambaa, nikakigundisha nyuma ya ubawa na nyuma ya ukuta. Kilipokauka kikawa springi. Unaufungua mlango, ukiuachia unarudi. Ukiulazimisha ukae wazi, unakunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Mara ya pili nilinunua bawaba za shaba za nyumba za wanasesere. Nzuri sana, zinang'aa. Lakini kile kifundo cha katikati, pale pini inapopita, kilikuwa na unene wa milimita 2. Zidisha kwa 76: milimita 152. Nilikuwa nimeutundika mlango wangu kwenye bomba la maji taka la inchi sita.

Mara ya tatu nilijitengenezea bawaba mwenyewe kwa waya na vibomba vyembamba kama sindano. Hizo zilipendeza. Nikazifunga kwa gundi kali, ile ya kichupa inayoshika sekunde tano. Ile gundi ni maji, ndugu zangu. Ikiona ufa mwembamba inaufuata yenyewe hata kama unapanda juu. Ikaingia kwenye bawaba, ikakaa kimya. Sikujua. Siku ya maonyesho mbele ya watu, kichwa cha treni kikarudi nyuma kwenda kulala, mlango ukagoma, kichwa hakikugoma. Nikauokota ubawa wa kushoto karibu na miguu ya mama mmoja aliyekuja na wajukuu. Akanirudishia kwa heshima kubwa, kama mtu anayerudisha jino.

Mzee mmoja akanifariji: hata milango ya kweli ilipatwa na hayo. Vichwa vya treni viliigonga, upepo uliipigiza, mingine mwisho wake iling'olewa na haikurudishwa. Kwa hiyo, akasema, mlango wangu ulikuwa na uhalisia.

Mwezi uliofuata nilikuja nyumbani. Mama yangu anakaa Mji wa Kale, katika nyumba yenye mlango wa zamani, ule wa nakshi kwenye kizingiti cha juu na mfaa katikati. Hajaniuliza habari za Ulaya; amenionyesha mlango. Unalia, akasema, na majirani wanadhani yeye anatoka usiku. Nikapiga magoti kutazama bawaba.

Hakuna bawaba. Nimezaliwa nyuma ya mlango ule, nimefundishwa useremala mtaa wa pili, na sikuwahi kutazama. Ubawa wa mlango wa kale haukutundikwa. Umesimama. Kwenye pembe ya chini kuna kijiti kilichochongwa duara, kinaingia kwenye tundu la kizingiti cha chini. Na juu kuna mwenzake, anaingia kwenye kizingiti cha juu. Ubawa mzima unazunguka juu ya vijiti viwili. Uzito hauvuti misumari ya mwimo, ule mti wa pembeni wa fremu, hata kidogo. Unashuka wima mpaka sakafuni. Niliinua ubawa kwa nondo kidogo tu nikaona kijiti cha chini: cheusi, kimesuguliwa mpaka kinang'aa kama punje ya tasbihi. Tundu lilikuwa limejaa mchanga. Nikalichokoa, mama akaniletea mafuta ya nazi kwenye kikombe cha kahawa, nikatia, tukaufunga na kuufungua mara mbili tatu. Kimya.

Nilikaa pale kizingitini nikachora kwenye bahasha.

Wazee mnatabasamu, nyinyi mlijua. Vijana, sogeeni, hapa ndipo penye kazi.

Ubawa wangu una unene wa milimita 2. Huwezi kuchimba tundu refu lililonyooka kwenye ubavu wa kitu cha milimita 2. Keekee itatokea pembeni. Kwa hiyo usichimbe, jenga. Ubawa una tabaka tatu. La nje milimita 0.6, la kati 0.8, la ndani 0.6. Tabaka la kati unalikata pungufu upande wa mwimo, na katika mfereji unaobaki unalaza waya wa shaba wa milimita 0.8. Kabla ya kuulaza, upinde mara mbili uwe na kigoti kidogo katikati, na ukichongee kigoti hicho nafasi yake kwenye tabaka la kati. Bila kigoti, siku moja waya utazunguka peke yake ndani ya ubao na mlango utabaki umesimama unautazama. Kisha funika kwa tabaka la tatu, jaza mfereji kwa gundi ya kuchanganya ya chupa mbili, weka chini ya kitu kizito usiku kucha.

Juu, waya utokeze milimita 3. Chini, utokeze milimita 40, nitawaambia kwa nini.

Sasa hesabu ndogo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Katikati ya waya ni milimita moja kutoka ukingo wa ubawa, na milimita moja kutoka uso wa mbele. Ukingo ukiuacha wa mraba, pembe yake iko umbali gani kutoka kwenye waya? Si milimita moja. Ni upande mrefu wa pembetatu yenye pande za moja na moja, yaani mzizi wa mbili: 1.41. Ubawa ukianza kuzunguka, pembe ile inahitaji milimita 0.41 zaidi kuliko ukingo uliofungwa. Kama mwimo uko karibu, itausugua na kukwama. Na ukiusogeza mwimo mbali ili ipite, 0.41 mara 76 ni milimita 31. Umeacha ufa ambao mtu wa kweli angepitisha vidole viwili. Mlango wa kuzuia baridi, na vidole viwili vinapita!

Dawa ni msasa. Zungushia ukingo ule uwe nusu duara, katikati yake ikiwa ni waya. Hapo kila sehemu ya ukingo iko milimita moja kamili kutoka kwenye waya, ubawa ukizunguka hausogei kwenda popote, na mwimo unaweza kuukaribia kwa unene wa karatasi. Mimi natumia msasa namba 400 uliogundishwa kwenye kijiti, nausukuma upande mmoja tu. Ukienda na kurudi unakula tabaka la nje mpaka waya unachungulia.

Namna ya kuupachika inafanana na mnayoijua, ila kinyume. Mmeshatengeneza kabati la vioo vya kusukuma? Mfereji wa juu mnauchimba kina mara mbili ya wa chini; kioo kinaingizwa juu kwanza, kinainuliwa, kisha kinashushwa. Hapa waya mrefu wa chini ndio unaotangulia, kisha kizingiti cha juu kinashushwa juu ya ule mfupi. Tundu la kizingiti cha juu liwe na kina cha milimita 6 ilhali waya una 3. Na chini, kati ya ubawa na sakafu, navisha ushanga mmoja mdogo kwenye waya. Niliuvua kwenye bangili ya binti yangu, kwa ruhusa. Ushanga unabeba uzito, unateleza vizuri, na unauinua ubawa usiguse reli.

Kuhusu reli, tahadhari. Treni hizi zinakula umeme kutoka kwenye reli zenyewe, volti 12, reli moja chanya na nyingine hasi. Ukitia ukingo wa chini wa mlango kipande cha chuma kwa kutafuta uhalisia, na kikaangukia reli zote mbili, ni shoti, na kila treni kwenye meza inasimama. Watu kumi na wawili wanageuka kukutazama. Chini ya mlango tumia mbao au plastiki.

Mafuta je? Kabla ya kugundisha chochote karibu na waya, paka mafuta ya mgando kidogo pale unapozunguka. Gundi kali haishiki penye mafuta. Laiti ningejua hilo kabla ya yule mama na wajukuu zake.

Nisiwafiche kasoro ya njia hii. Mlango wa kweli wa banda ulikuwa na bawaba ndefu za chuma kwa nje, kwa hiyo ubawa uliweza kulala kabisa ukutani, digrii 180. Huu wangu unaishia digrii 90 na kidogo, kisha unagonga kona ya ukuta. Na ukiwa wazi kila ubawa unakula milimita 2 za uwazi. Uwazi wa 48 unabaki 44. Kichwa cha treni cha futi 9 ni milimita 36, kwa hiyo zinabaki 4 kila upande. Zinatosha kama reli imenyooka. Kama banda liko kwenye kona, kata kadibodi ya umbo la kichwa chako kirefu zaidi, uipitishe kwa mkono kabla hujagundisha mwimo. Na kama kuna mwenye ndoto ya kutengeneza lile dubwana letu, kichwa cha mvuke cha daraja la 59, kama Mount Gelai iliyosimama kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, ajue lina mita karibu 32. Kwa kipimo hiki ni sentimita zaidi ya 40. Huyo asijenge banda. Alaze nje kama tulivyolaza sisi.

Zile bawaba za chuma za nje nazichora kwa karatasi. Kipande chembamba, nakibonyeza kwa nyuma kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, vinatokea vichwa vya boliti, napaka nyeusi yenye kutu. Kiishie ukingoni mwa ubawa, kisivuke kwenda ukutani. Ukutani naweka kishikizo chake peke yake. Jicho linaviunganisha lenyewe.

Mbao zenyewe. Walinishauri vijiti vya kukorogea kahawa, na nilivitumia. Lakini vingi vina upana wa milimita 5 au 6, na 5 mara 76 ni sentimita 38. Mti gani huo? Nilivipasua katikati, nikapata kama 2.5, ndiyo ubao wa inchi saba na kidogo. Vingine nilichora kwa ncha butu ya kisu kwenye karatasi ya plastiki. Rangi sitaisema, kila mtu ana dini yake kwenye rangi.

Ila hili la mshazari siliachi. Nimeona milango ya treni ndogo iliyochongwa na watu wenye subira kunishinda mara kumi, na ubao wa mshazari nyuma yake umelala kinyume. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wewe mwenye shati la bluu, mshazari unaanzia wapi? Vizuri. Chini, upande wa bawaba, unapanda kwenda juu upande wa wazi. Kwa nini? Kwa sababu ncha ya mlango inataka kushuka, na mshazari unaisukuma irudi kwenye mwimo. Mbao inajua kubeba ikisukumwa. Ukiugeuza, unaiomba ivutwe, na kinachovutwa hapo ni misumari tu. Mlango wa milimita 64 hautashuka hata ukiugeuza. Ni mwepesi kama biskuti. Lakini fundi atakayeuona atajua, na mimi siwezi kulala.

Haya, unafungukaje? Zile milimita 40 za waya zinapita kwenye kibomba cha shaba, zinatoboa meza, zinatokea chini. Huko unaukunja waya uwe mkono wa milimita 10. Ukiusukuma mkono, mlango unazunguka. Ungeweza kuishia hapo: funga waya mwingine unaokuja mpaka ukingoni mwa meza, weka kishikio, vuta. Kwa pesa kidogo na amani nyingi, ningekushauri hivyo. Mimi nilitaka kitufe.

Nilitumia sevo, mota ndogo inayozungusha mkono wake mpaka digrii unayoitajia na kukaa hapo. Ile ya bei nafuu ina uzito wa gramu 9, na inapatikana hata hapa kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki. Usidharau gramu 9. Ina nguvu za kung'oa ubawa wako bila hata kubadilisha sauti. Kwa hiyo waya unaounganisha sevo na mkono wa mlango nauwekea kitanzi katikati, kama herufi U. Mlango ukikwama, kitanzi kinakunjuka badala ya mlango kuvunjika. Sevo ina tabia nyingine mbaya: ukiwasha umeme inashtuka, kama mtu aliyeamshwa, na mlango unapiga kelele ukutani. Kijana wangu alinitengenezea programu kwenye Arduino, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, inayoikatia sevo amri kila inapomaliza kazi, ikatulia kidogo, lakini ule mshtuko wa kwanza haujaisha wote.

Mwendo pia tulibishana. Sevo ikiachiwa, inafungua mlango kwa chini ya nusu sekunde. Mlango wa futi 16, wa mbao na chuma, nani anaufungua kwa nusu sekunde? Unasukumwa na mtu mmoja, bega lake, buti zake zinateleza kwenye vumbi la makaa. Tuliiagiza iende digrii moja, ipumzike sehemu ya nane ya sekunde, iende nyingine. Digrii 90 zinachukua kama sekunde 11. Wengine klabuni walisema ni polepole mno, watazamaji wataondoka. Maonyesho yaliyofuata, watoto ndio waliokaa. Walioondoka ni watu wazima.

La mwisho ni mfuatano. Mlango wa mama una mfaa kwenye ubawa mmoja, unaufunika mwenzake kwa nje, na mlango unafunguka kwa ndani. Kwa hiyo ubawa usio na mfaa ndio unaotangulia. Ukianza na wenye mfaa unausukuma na wa pili. Banda langu linafunguka kwa nje, maana ndani amelala kichwa cha treni. Ufito unaofunika ufa uko kwa nje vilevile. Basi mambo yanageuka: wenye ufito ndio utangulie. Nililikosea hilo siku nzima, nikiwa na mlango wa mama kichwani, huku sevo mbili zinavutana kama wake wenza. Sasa kila ubawa una sevo yake, na wa pili unasubiri wa kwanza ufike digrii 20.

Maneno yamekwisha. Banda lenyewe liko ndani ya kasha lile la mbao; naomba wawili wanisaidie kulipandisha mezani. Polepole, paa halijafungwa. Shukrani. Umeme uko wapi? Haya. Wewe mwenye shati la bluu, njoo ubonyeze, uliujua mshazari. Si hicho, hicho ni cha taa. Hicho chekundu.

Mmeuona? Wa kulia umeanza. Hiyo sauti ya mbu ni sevo, msijipige makofi. Subirini wa pili, bado anahesabu.